Stata ya mguu kwenye Chevrolet ya 1950: sikiliza kwa unyayo kabla hujashika spana

Kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilipoinunua hii pikapu: stata ya mguu haijui ufunguo. Unaweza kuzima gari, ukachomoa ufunguo, ukautia mfukoni, ukaenda zako jikoni. Mtu akipanda akakanyaga kile kipedali, injini itazunguka, na kama umeiacha ndani ya gia, gari litatembea. Langu lilitembea. Mwanangu, wakati huo ana miaka sita, alikuwa anacheza udereva, nami nimechuchumaa pembeni nafuta rimu. Nikasikia gari linaguna, likaruka hatua moja mbele, likaangusha rafu nzima ya makopo ya rangi. Mtoto alicheka. Mimi nilikaa chini kabisa, miguu haina nguvu.

Basi kila nitakachosema huko mbele, kianze hivi: gia nyutro, hendibreki juu, kabari mbele na nyuma ya tairi. Na ukitaka kuingiza mkono karibu na stata yenyewe, fungua kwanza waya wa hasi kwenye betri.

Pikapu yangu ni Chevrolet 3100, ile ya boneti la mviringo waliyoanza kuitoa mwaka 1947. Injini ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, inchi za ujazo 216, kama lita tatu na nusu hivi. Niliinunua kwa mjane wa mkulima hapa Minnesota. Ilikuwa imelala ghalani miaka mingi na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti. Mimi si fundi wa cheti. Usiku nauguza wazee, mchana nalala nusu na nusu iliyobaki niko chini ya gari. Ufundi wangu ni wa kumshikia baba tochi. Alikuwa dereva wa lori la mkonge kule Korogwe, na kila lori likigoma ni mimi niliyeitwa, kwa sababu kaka zangu walikuwa wakimulika pembeni.

Sasa tuelewane stata hii inavyofanya kazi, maana ukiielewa hutahitaji kubahatisha. Kwenye magari ya leo, ufunguo unatuma umeme mdogo kwenda kwenye solenoidi, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, na solenoidi inafanya mengine. Hapa hakuna solenoidi. Mguu wako ndio solenoidi. Kipedali kiko karibu na pedali ya mafuta. Ukikikanyaga, fito inapita kwenye sakafu na kusukuma mkono wa chuma uliofungwa juu ya stata. Mkono ule unafanya mambo mawili kwa zamu. Kwanza unasukuma bendeksi, ile gia ndogo ya stata, mpaka meno yake yaingie kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Kisha, mwisho kabisa wa safari yake, unabonyeza kitufe cha swichi iliyo mgongoni mwa stata, na hapo ndipo umeme wote wa betri unapoingia. Meno kwanza, umeme baadaye.

(Nasema bendeksi kwa sababu ndivyo tunavyoiita kuanzia Tanga hadi Mombasa. Bendix yenyewe ni ya namna nyingine, inajirusha kwenye meno mota ikianza kuzunguka. Hii inasukumwa na mguu, na ndani yake mna klachi ya upande mmoja: inazungusha injini, lakini injini ikiwaka haiwezi kuizungusha stata. Ukienda dukani ukasema bendeksi watakupa nyingine, kwa hiyo nenda na ya zamani mkononi.)

Vua kiatu kizito. Sitanii. Kanyaga polepole huku redio imezimwa na mlango uko wazi. Utasikia unyayoni mguso wa kwanza, meno yanapoingia, halafu ugumu kidogo wa springi, halafu kitufe. Ukishaujua mwendo huo gari likiwa zima, siku likiumwa utajua limeumwa hatua gani.

Kimya kabisa

Umekanyaga, hakuna kitu. Hata "tk" hakuna. Kabla ya kumlaumu yeyote, tazama zulia.

Majira ya baridi ya kwanza nilinunua mkeka wa mpira, ule wenye ukingo mnene wa kuzuia theluji iliyoyeyuka isitapakae. Siku ya pili gari likagoma. Betri nimeichaji, taa zinawaka, kipedali kinashuka, injini kimya. Nililala chini ya gari lile kwenye sakafu ya zege siku mbili. Nilishauliza bei ya stata. Siku ya tatu mume wangu, ambaye hajui hata pa kuweka oili, akainama na kusema, "Mama Juma, mbona hiki kimelalia mkeka?" Kipedali kilikuwa kinafika kwenye mpira na kusimama, unene wa kidole gumba kabla ya mwisho. Meno yalikuwa yanaingia vizuri kabisa. Kitufe hakikuguswa. Nimelisikia hilo neno "mkeka" kila sikukuu tangu siku hiyo.

Kama si mkeka, tafuta mwendo uliopotea kwingine. Pini zinazoshika fito hutafuna matundu yake mpaka yanakuwa na umbo la yai. Tundu moja likilegea milimita mbili na jingine mbili, ule urefu wa mwisho wa kubonyeza kitufe umekwisha. Mtu akanyage, wewe utazame kutoka chini kwa tochi: mkono wa stata unafika kwenye kitufe au unaishia njiani? Ukiishia njiani, badilisha pini, jaza tundu kwa kulehemu na ulitoboe upya. Kwenye stata yangu ule mkono una skrubu inayogusa kitufe, na inarekebishika. Kishawishi ni kuitoa nje mpaka kitufe kiguswe mapema. Usifanye hivyo. Kitufe kikiguswa kabla meno hayajaingia sawasawa, mota itazunguka na kusaga ncha za meno kama tupa. Rekebisha ulegevu kwanza, skrubu iwe ya mwisho.

Kama mkono unafika na kitufe kinabonyea lakini bado kimya, washa taa kubwa za mbele, kanyaga, na tazama mwanga ukutani. Mwanga usipobadilika hata kidogo, umeme hauingii kwenye mota: ama swichi imeungua ndani, ama kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya mota, hazigusi. Mwanga ukizimika kabisa kama umepulizwa, kuna muungano uliolegea au ulioliwa na kutu, mara nyingi pale kwenye teminali za betri. Ukififia ukabaki mwekundu, umeme unakwenda lakini hautoshi, au injini imekwama.

Kutenganisha swichi na mota kuna njia ndogo ninayoipenda. Gari liwe nyutro, chukua kipande cha mti, mpini wa nyundo unatosha, ubonyeze kitufe cha swichi moja kwa moja bila kuugusa ule mkono. Bendeksi haijasukumwa, kwa hiyo mota itazunguka peke yake bila injini. Sekunde moja, si zaidi; mota ya namna hii isipokuwa na mzigo hukimbia mpaka ijiumize. Ikivuma kwa nguvu, mota na swichi ni wazima, rudi kwenye fito na pini. Ikikaa kimya na umeme unafika kwenye bolti kubwa ya swichi, fungua swichi.

Ndani ya swichi hakuna uchawi. Kuna kisahani cha shaba na vituo viwili. Kila ukikanyaga, cheche inakula kidogo, na baada ya miaka sabini na kitu kisahani kina mashimo kama mwezi. Safisha kwa tupa laini mpaka shaba ing'ae, kigeuze upande ambao haujaliwa, rudisha. Changu kilikuwa na upande mzima usioguswa tangu kiwandani.

Inazunguka kwa uvivu

Hapa ndipo nilipotupa pesa, kwa hiyo vumilia nichukue nafasi.

Gari lilikuwa linasema "nguu... nguu..." kama mzee anayepanda ngazi. Nikaitoa stata, nikaenda kwenye gereji moja, wakaniuzia iliyotengenezwa upya, imepakwa rangi nyeusi inang'aa. Nikafunga. "Nguu... nguu..." Ile ile.

Mfumo wa gari hili ni volti 6. Kazi ya kuzungusha injini haipungui kwa sababu volti ni chache, kwa hiyo umeme unaopita kwenye waya ni mara mbili ya ule wa volti 12. Tuseme stata inakula ampea 200. Ukiwa na kikwazo kidogo tu njiani kinachokula volti moja, kwenye gari la volti 12 umebakiwa na 11 na huenda usitambue. Kwenye volti 6 umebakiwa na 5, na hapo asubuhi yako imeharibika. Aliyekuwa nalo kabla yangu alikuwa ameweka waya wa betri wa kawaida wa dukani, ule mwembamba wa namba 6 wa magari ya volti 12. Ukiutazama kwa nje unaonekana mnene, kwa sababu plastiki ni nyingi. Shaba yake ndani ni milimita za mraba 13. Gari hili linataka namba 2/0, shaba ya milimita za mraba 67, unene wa kidole. Nilipobadilisha waya mbili tu, stata yangu ya zamani, ile niliyokuwa nimeitupa kwenye sanduku, iliizungusha injini mpaka nikacheka peke yangu.

Namna ya kupima, badala ya kubahatisha kama nilivyofanya mimi. Betri ya volti 6 ina vyumba vitatu. Ikijaa na kutulia inasoma 6.3 au 6.4. Kwenye gari hili iko chini ya sakafu upande wa abiria, chini ya kifuniko, ndiyo maana kila mtu huisahau mpaka iote unga wa kijani. Chomoa waya mnene wa katikati wa distribyuta ili injini isiwake. Mtu akanyage, wewe upime kwenye nguzo zenyewe za betri. Ikishuka chini ya 4.8 hivi, ichaji na uipime tena kabla ya kupima kingine.

Betri ikiwa nzima, weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya chanya na nyingine kwenye bolti ya stata. Mtu akanyage. Mita inapaswa kuonyesha karibu na sifuri, 0.2 naikubali, 0.5 siikubali, maana hiyo ni nusu volti iliyopotea ndani ya waya. Kisha fanya hivyo hivyo upande wa ethi: nguzo ya hasi hadi mwili wa stata. Watu husahau upande huu. Injini imekalia mipira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo lazima kuwe na mkanda wa shaba unaotoka kwenye injini au gia boksi kwenda kwenye chasisi. Wangu ulikuwa umefungwa juu ya rangi. Aliyepaka chasisi alifanya kazi nzuri sana, alipaka mpaka chini ya bolti. Kwangua mpaka chuma cheupe, funga, halafu ndipo upake grisi juu kuzuia kutu.

Ukishajiridhisha na waya na bado ni mvivu, pasha joto akili: nje ni nyuzi ngapi? Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri hutoa karibu nusu tu ya nguvu yake, na oili nzito inakuwa kama asali. Baridi ikiingia naweka oili nyepesi ya 10W, na betri nalala nayo ndani ya nyumba. Walioko Dar hili liwapite.

Baada ya hapo ndipo ufungue stata. Vua ule mshipi wa chuma unaofunika madirisha yake utazame kaboni. Zikiwa fupi nusu ya mpya, badilisha zote nne. Ile shaba ambayo kaboni zinaigusa isugue kwa msasa wa kawaida wa mbao, si ule mweusi wa chuma, kwa sababu punje zake hupitisha umeme na zikijibana katikati ya vipande vya shaba umejitengenezea shoti. Tikisa shafti juu chini: bushi, vile vipete vinavyoishika shafti, zikiwa zimekwisha, kile kinachozunguka kinakwaruza kuta za ndani na stata inakuwa nzito hata ikiwa na umeme wa kutosha. Utaona mikwaruzo inayong'aa, haijifichi.

Na usiipige volti 12 ya jirani. Najua wanafanya. Stata yenyewe huenda ikavumilia, lakini bendeksi inagonga meno kwa nguvu ambayo haikutengenezewa, na ukisahau taa zimewaka, balbu zote zimekwenda.

Inavuma lakini injini haizunguki

Umekanyaga, mota inalia "wiiii", injini imetulia. Ile klachi ya upande mmoja inateleza. Mara nyingi ni kosa la msafi: mtu ameitoa bendeksi akailoweka kwenye petroli ing'ae, petroli ikaosha grisi iliyowekwa ndani kiwandani. Futa kwa kitambaa tu. Iliyokwisha kuteleza haitengenezeki, nunua nyingine.

Inasaga

Kama inasaga kila mara, rudi kwenye ile skrubu. Kama inasaga mara moja moja, ni meno ya flaiwili. Injini ya silinda sita ikizimwa husimama karibu kila siku katika mojawapo ya sehemu tatu zile zile, kwa hiyo meno huliwa sehemu tatu na kwingine yanabaki kama mapya. Ukikwama barabarani: ufunguo umezimwa, weka gia ya juu, achia hendibreki, sukuma gari kidogo mpaka injini isogee, rudisha nyutro na hendibreki, kanyaga. Siku ukitoa gia boksi, ile ringi ya meno inaweza kupashwa moto, ikatolewa na kugeuzwa. Wakati mwingine kosa ni la mguu wetu: injini imezimika tu, haijasimama, umeshakanyaga tena. Hesabu tatu.

Haiachii

Hii ndiyo ninayoiogopa. Injini imewaka, umeondoa mguu, na stata bado inalia. Ama springi ya kurudisha imechoka, ama egemeo la mkono limekauka, ama mtu amepaka grisi nzito na baridi imeigandisha kama lami. Mimi natumia oili nyepesi, matone mawili, kila mwezi. Mbaya zaidi ni swichi kujilehemu: vituo vimeshikana, na kuzima ufunguo hakusaidii kitu kwa sababu, kama nilivyosema mwanzo, swichi hii haiujui ufunguo. Dawa ni kutoa waya wa betri, upesi, kabla haujaanza kutoa moshi. Ndiyo maana spana ya teminali yangu haikai kwenye sanduku la vifaa. Imefungwa kwa kamba kwenye mguu wa kiti cha abiria, juu ya kifuniko cha betri, na kifuniko sikifungi kwa skrubu zote.

Ukishindwa yote, kuna tundu katikati ya bampa la mbele. Ni la hendeli. Kabla Cadillac hawajaanza kuuza magari ya mwaka 1912 yenye stata ya umeme ya Charles Kettering, hendeli ndiyo iliyokuwa stata, na lori la baba liliirudia kila betri ilipokufa. Tingo wake ndiye aliyezungusha. Baba hakuniruhusu kuishika mpaka nilipofika darasa la saba, na siku hiyo alinishika mkono akakitoa kidole gumba changu pale kilipokuwa kimezunguka mpini, akakilaza upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirudi kinyume, hendeli inateleza kutoka kiganjani. Gumba likiwa ng'ambo ya pili, linavunjika. Vuta kwenda juu, usikandamize kwenda chini, robo duara kwa mara moja. Choki imevutwa, ufunguo umewashwa. Na gia, narudia, iwe nyutro, kwa sababu safari hii aliyesimama mbele ya gari ni wewe.